Velos: historia moja chini ya bendera mbili

Swali la wiki liliuliza kama manowari inayokabidhiwa jeshi la majini la nchi rafiki huendelea na historia yake au huanza upya. Kwa maoni yangu historia ni moja, na mfano ninaoutegemea ni destroya (manowari ya kasi) Velos ya Ugiriki.

Meli hiyo iliundwa Boston, Marekani, kwa jina la USS Charrette, ikiwa miongoni mwa destroya 175 za aina ya Fletcher, na ikaanza kazi Mei 1943. Ilipigana katika Bahari ya Pasifiki, na Agosti 1945, ikiwa pamoja na destroya nyingine, USS Conner, iliikamata Tachibana Maru, meli ya Wajapani iliyobeba wanajeshi na silaha chini ya alama za hospitali. Baada ya kuwekwa akiba kwa miaka mingi, ilikabidhiwa Ugiriki tarehe 16 Juni 1959, Marekani na Ugiriki zote zikiwa wanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi.

Tarehe 25 Mei 1973, Velos ilikuwa katika mazoezi ya NATO karibu na Italia pale habari zilipofika kwa redio kwamba maofisa wa jeshi la majini nyumbani Ugiriki, waliopanga kuuondoa utawala wa kijeshi ulioshika madaraka tangu 1967, wamekamatwa. Nahodha Nikolaos Pappas aliwakusanya mabaharia akawaeleza nia yake, kisha akaitoa meli kwenye msafara na kutia nanga nje ya Fiumicino, karibu na Roma. Katika ujumbe wake alikumbusha utangulizi wa mkataba wa NATO, unaotaja demokrasia, uhuru wa mtu na utawala wa sheria. Yeye na wenzake wapatao 30 waliomba hifadhi ya kisiasa. Wengine, ingawa walitamani kumfuata, walishauriwa warudi wakaeleze ndugu zao yaliyotokea.

Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa uasi tu. Mimi naona Pappas aliushika mkataba uleule ulioziunganisha nchi hizo mbili, wakati muungano wenyewe ukiuvumilia udikteta ndani ya safu zake. Kwa hiyo siwezi kuitenga siku ile na asili ya meli.

Velos ilistaafishwa 1991, na tangu 1994 imetengwa kuwa makumbusho ya mapambano dhidi ya udikteta. Anayepanda sitaha yake anastahili kusimuliwa habari za Charrette pia.