Jibu: Waimbaji wa opera mpya wanatoka wapi?

Mkuu, umeuliza kama wanaoimba opera za siku hizi ni kundi lao peke yao, tofauti na wale wa Verdi na Puccini, watunzi wa Italia wa opera za zamani. Hapana, ni walewale. Chukua opera mpya Fire Shut Up in My Bones ya mtunzi Terence Blanchard, iliyofungua msimu wa Metropolitan Opera, kampuni kubwa ya opera ya New York, Septemba 2021, opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kupanda jukwaa hilo tangu lianzishwe 1883.

Mwimbaji Angel Blue alianza pale 2017 kwa kuimba mhusika aitwaye Mimì katika La Bohème ya Puccini. Katika opera ya Blanchard akabeba nafasi tatu usiku mmoja. Ila mimi namhusudu mwimbaji mwenzake, Latonia Moore. Mwaka 2012 aliitwa dakika za lala salama kuziba pengo katika Aida ya Verdi, na redio inarusha moja kwa moja! Hakutetereka. 2021 akawa Billie, mama wa mhusika mkuu katika opera ya Blanchard.

Huyo mhusika mkuu aliimbwa na baritoni (sauti ya kiume ya kati) Will Liverman, aliyesoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, na kunolewa katika kampuni ya Lyric Opera ya Chicago. 2023 akaimba nafasi ya Malcolm X katika opera ya mtunzi Anthony Davis.

Raha ya kazi mpya ni kwamba hakuna rekodi za magwiji wa miaka hamsini iliyopita za kukupimia. Kasheshe lake: unakesha miezi ukikariri muziki mgumu, halafu maonyesho machache, pengine isirudiwe tena. Aida ukishaijua, inakulisha miaka. Ndiyo maana wengi wanachanganya za zamani na mpya.