Usimwage samadi hiyo kabla ya kuipima kwa maharage

Acha toroli hapo hapo lilipo. Unasema majani yanapukutika, matuta yako yamebaki wazi, na jirani amekupa bure samadi ya farasi ili uifukie sasa ioze wakati wa baridi. Kisha unauliza lini upande kitunguu saumu na namna ya kuhifadhi mimea ya viungo. Mimi nilianza hivyo hivyo, na bustani ikaniadhibu misimu miwili.

Farasi waliotoa samadi yangu walikuwa wamelishwa nyasi kavu zilizokatwa katika malisho yaliyopuliziwa aminopairalidi, dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Dawa hiyo hupita tumboni mwa mnyama bila kupoteza nguvu, hutoka na kinyesi, na hudumu muda mrefu ndani ya rundo la samadi lisilopata hewa, kwa kuwa wanaoivunja ni vijidudu vya udongoni. Nilimwaga toroli kumi na nane, nikafukia kwa fahari, nikalala usingizi wa mkulima hodari. Wakati wa kupanda ulipofika, nyanya zilitoa majani yaliyojikunja kama vikombe, na maharage yakajisokota shingo kana kwamba yananionea aibu. Mahindi peke yake yalistawi, kwa sababu nayo ni jamii ya nyasi, nami nikayafanya ushahidi kwamba udongo ni mzuri na kinachopungua ni maji. Nikaongeza maji. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza samadi.

Muuzaji wa miche aliyenishauri alikuwa ameapa kwamba samadi ikishakuwa nyeusi na kuacha kunuka, ni salama kwa kila mmea. Nilipomrudia na majani yaliyosokoteka, alisema ni virusi, akaniuzia dawa ya virusi. Kwamba mmea ukishapata virusi hauna dawa ya kuuponya, nilikuja kujua baada ya kulipa.

Basi samadi yoyote usiyoijua ipimwe kwanza. Chota sehemu mbalimbali za rundo, uchanganye nusu kwa nusu na udongo safi, ujaze vyungu vitatu. Vingine vitatu ujaze udongo ule ule bila samadi, uvitenge ili maji ya huku yasifike kule. Panda maharage matatu katika kila chungu, uviweke ndani penye joto na mwanga, na usubiri wiki 3 au 4, hadi majani halisi, yale yanayofuata majani ya mbegu, yatokee mara mbili au tatu. Yakijikunja upande wa samadi pekee, mrudishie jirani zawadi yake.

Kitunguu saumu panda ncha ikiangalia juu, kina cha sentimita 5 hivi, katika tuta ambalo samadi hiyo haijaligusa. Mimea ya viungo tutaizungumza baadaye. Kwanza muulize jirani, asikujibu tu kwamba yeye hajawahi kupulizia dawa: nyasi za farasi wake alizinunua kwa nani?