Insulini kwa wazee: maswali yenu

Mama ana miaka 74, anajichoma insulini ya mchanganyiko (70/30). Leo sukari 5 (mmol/L), kesho 18. Dozi ni ileile, chakula kilekile. Kwa nini?

Msiulaumu ugali kwanza. Mtazameni anavyochoma. Insulini hiyo ni nyeupe kama maziwa na hutuama. Asipoichanganya, leo atavuta majimaji, kesho mashapo. Akibingirishe kichupa taratibu kati ya viganja, mara 20, bila kukitikisa kwa nguvu. Ikibaki na mabonge, haifai.

Kisha mpapaseni tumbo na mapaja. Mkikuta uvimbe laini, hapo ndipo anapochoma kila siku, kwa sababu hapaumi. Lakini insulini iliyochomwa hapo huingia mwilini ovyoovyo. Ahame, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Waulizeni kliniki kabla hajahama, kwani dozi ileile kwenye ngozi isiyo na uvimbe inaweza kuishusha sukari sana.

Baba haoni vizuri mistari ya bomba. Dozi yake ni yuniti 12.

Ombeni bomba la yuniti 50. Mstari mmoja ni yuniti 1, na nafasi ni pana. Kwenye mabomba mengi ya yuniti 100, mstari mmoja ni yuniti 2, ndipo wazee wanapokosea. Mtu mwenye macho mazuri athibitishe kabla ya kuchoma. Na someni maandishi: kichupa cha U-100 (yuniti 100 kwa kila mililita) kinataka bomba lililoandikwa U-100, hata likiwa la yuniti 50. Ukitumia la U-40, “yuniti 12” zinakuwa 30. Hilo linaua.

Hatuna friji.

Chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Andikeni tarehe ya kukifungua. Baada ya wiki 4 kitupwe. Wenye friji: iliyoganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka.

Usiku bibi analowa jasho, anaongea yasiyoeleweka. Ni uzee?

Pimeni. Chini ya 4, sukari imeshuka. Kama hamna kipimo, chukulieni imeshuka. Vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subirini dakika 15, pimeni tena. Ikiwa bado, rudieni. Ikipanda, ale uji au mkate. Hawezi kumeza? Msimmiminie kitu. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Asubuhi waelezeni kliniki kabla ya dozi inayofuata, na mtaje dawa zake za presha. Propranolol na atenolol huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, jasho hubaki.