Taa tatu zikiwaka pamoja, usikimbilie kununua kontrol boksi

SWALI: Fundi, habari za kazi? Gari langu ni la mwaka 2010, mtumba kutoka Japani. Nikipita kwenye mashimo ya huku Mbale, taa za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki), usukani na injini huwaka kwa pamoja, halafu huzima zenyewe. Fundi wangu amesoma kodi ya hitilafu U0121, anasema kontrol boksi (kompyuta ndogo) ya ABS imekufa, nikatafute nyingine Kisekka, soko la vipuri Kampala. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Boksi iliyokufa haifufuki gari likishatoka kwenye shimo.

Kodi inayoanza na U haitaji mgonjwa. U0121 inasema tu kwamba boksi nyingine iliisubiri ABS, nayo ABS ikakaa kimya. Na ABS ndiyo inayotoa habari za mwendo wa magurudumu kwenye waya mbili za CAN, yaani njia ambayo boksi za gari huzungumzia. Usukani na injini nao huzitegemea. Kwa hiyo una hitilafu moja, si tatu. Yaweza kuwa plagi iliyolegea, waya wa ardhi wenye kutu, fyuzi au waya uliokwanguka. Boksi yenyewe huweza kupasuka ndani, lakini hiyo hushukiwa mwisho.

Toa teminali ya betri, subiri dakika chache, weka mita kwenye omu, upime tundu la 6 na la 14 za soketi iliyo chini ya usukani. Ukipata karibu 60, njia kuu ni nzima, kwa kuwa kila mwisho una kizuizi cha omu 120, na viwili vikiwa sambamba husoma 60. Ukipata 120, kuna sehemu imekatika. Ukikaribia sifuri, waya zimegusana. Mtu atikise waya wakati unapima, maana ugonjwa wako huja kwa mtikisiko. Hata hiyo 60 isikulaze: tawi liendalo kwenye ABS likikatika, mita itasoma vilevile. Fungua plagi ya ABS, utazame pini moja moja.

Kinachonichosha ni mafundi wa kusoma kodi na kuuza boksi. Wengine huifuta kodi tu, wakachukua hela, na taa zikarudi kabla hujafika nyumbani. Wengine huchomeka taa ya kupimia kwenye waya za CAN, ambazo zikitulia huwa na volti 2.5 tu, wakaua kilichokuwa kizima. Boksi ya mtumba nayo huja na mipangilio ya gari jingine. Ile ya injini mara nyingi haiujui ufunguo wako, na gari halitawaka kabisa.

Wafunga alamu na GPS ndio wabaya zaidi. Hukwangua waya zozote zilizosokotwa wanazozikuta chini ya dashibodi, wakazungushia selotepu. Kama gari lako limefungwa kifaa cha namna hiyo, kichomolewe kwanza, ulipitishe tena kwenye mashimo yaleyale.