Taiji kwa video peke yake?

Ndugu, umeuliza kama video zinatosha kujifunza taiji, ile sanaa ya mapigano ya Kichina inayofanywa kwa miondoko ya polepole. Ule mfululizo wa miondoko 24 uliotungwa China mwaka 1956 utaukariri kwa video bila shida. Ila kazi yenyewe iko ndani: nyonga zimelegea au zimekaza, uzito umekaa mguu upi, goti limeangukia ndani (hapo ndipo wengi wanapojiumiza). Mwalimu anakugusa kiuno kidogo tu, mwili mzima unajipanga upya. Halafu kuna tuishou, zoezi la wawili kusukumana mikono polepole. Hilo hulifanyi na simu. Ukimpata mwalimu, usishangae akikusimamisha kama nguzo dakika 10 kila siku, miezi mizima. Mimi nilidhani mwalimu wangu ananipotezea muda.