Okoye ni msaliti?

SWALI: Dada mambo, mimi na mdogo wangu tumerudia kuangalia filamu ya Black Panther ile ya 2018 tukabishana mpaka saa saba usiku. Yeye anasema Okoye, yule jenerali wa walinzi wa mfalme, ni msaliti, mfalme T'Challa katupwa kwenye maporomoko na binamu yake Killmonger anayetaka kiti, afu Okoye anaenda kusimama na mkuki wake upande wa huyo Killmonger. Mimi roho inakataa ila sina pointi. Nisaidie.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa mdogo wangu, na roho yako haijakosea. Kwenye nchi yao ya Wakanda kiti cha ufalme kinagombewa kwa mapigano, wanashuka kwenye maporomoko, mfalme ananyweshwa dawa ya kumtoa zile nguvu za Panther ili wapigane sawa kwa sawa, na inaisha mmoja akisalimu amri au akifa. Okoye kiapo chake ni kwa kiti, yeyote atakayekikalia. Ndo maana Nakia, jasusi wa upande wa T'Challa, anapomwambia waondoke anagoma, na ukimwangalia usoni hapo machozi yamemjaa kabisa lakini hasogei. Mimi siwezi kuuita huo usaliti, kubaki kulimuuma kuliko ambavyo kukimbia kungemuuma.

Sasa T'Challa anarudi, anasema sikusalimu amri na kama mnavyoniona sijafa, maana yake pambano bado linaendelea kisheria kabisa. Killmonger anajibu hayo mambo yameisha, mfalme sasa hivi ni yeye. Yaani sheria iliyompa kiti ndo hiyohiyo anaikanyaga, na hapohapo Okoye anamgeukia na jeshi lake la wanawake, bila kusubiri aone nani ana dalili ya kushinda! Msaliti angesubiri.

Halafu mwambie mdogo wako amfuatilie W'Kabi, mpenzi wake Okoye. Huyu alimfuata Killmonger sababu Killmonger alimletea maiti ya Klaue, yule mwizi aliyewaua wazazi wake, kidonda namuelewa, ila deni la nyumbani kwake akalilipa kwa nchi nzima. Kule vitani kifaru wake anakuja mbio anataka kumponda M'Baku, chifu aliyekuja kumsaidia T'Challa, Okoye anaingia katikati anasimama tu, mnyama anafunga breki na kumlamba shavu. W'Kabi anamuuliza, ungeniua mimi mpenzi wako? Okoye anamwambia kwa ajili ya Wakanda, bila swali. W'Kabi anaangalia watu wake wanavyouana, anatupa silaha na kupiga magoti, na wenzake wanafuata.