Kabla ya Kuisifu Filamu ya Zamani, Mtazame Aliyebeba Sinia

Wiki iliyopita msomaji mmoja, binti anayejifunza uhakiki, aliniuliza nilianzaje kuandika kuhusu sinema za Marekani za miaka ya 1950. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo, na kwa kuwa jibu la kweli linaanzia kwenye makala iliyokataliwa.

Makala hiyo ilihusu Imitation of Life, filamu ya Douglas Sirk ya mwaka 1959. Nilieleza mavazi ya Lana Turner, vito vinavyodondoka wakati majina ya waigizaji yakipita, na jinsi mhusika wake, mjane Lora, anavyopanda hadi kuwa nyota. Mhariri aliirudisha na mstari mmoja: "Turner umemtaja mara kumi na nne, Juanita Moore hata mara moja." Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hadi leo, maana mama yangu alinisomesha kwa kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu, na bado sikumwona Annie, mtumishi mweusi wa Lora aliyeigizwa na Moore.

Niliitazama upya. Annie anaishi na Lora miaka mingi, lakini Lora anashangaa kusikia kwamba ana marafiki wengi. Annie anamjibu kwa upole kwamba hakuwahi kumuuliza. Binti yake, Sarah Jane, ambaye rangi yake inamruhusu kupita kama mzungu, anawaletea wageni wa Lora chakula akiwa amejitwisha sinia kichwani na kuiga lafudhi ya watumwa. Hapo nilisimamisha filamu, nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Kisha nikachunguza nani alipewa nafasi gani. Katika filamu ya kwanza ya hadithi hii, ya mwaka 1934, binti huyo aliigizwa na Fredi Washington, mwanamke mweusi. Mwaka 1959 aliigizwa na Susan Kohner, ambaye mama yake alitoka Meksiko na baba yake alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ulaya. Kanuni za maadili za Hollywood zilizokataza kuonyesha mapenzi kati ya weupe na weusi zilikuwa zimekwisha kulegezwa mwaka 1956, kwa hiyo kanuni hizo hazikuwa kisingizio tena cha kumnyima mwigizaji mweusi nafasi hiyo. Katika filamu ya Pinky ya mwaka 1949 mambo yalikuwa hayohayo: Jeanne Crain, mzungu, ndiye aliyeigiza mjukuu wa mwanamke mweusi, aliyeigizwa na Ethel Waters. Moore na Kohner wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar, na hakuna aliyeshinda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tazama filamu mara mbili, na mara ya pili mfuate anayefungua mlango. Uliza ana jina kamili au la, ana ndugu au la, na anaongea na nani bwana na bibi wakiwa hawapo. Usikubali kuambiwa kwamba zama zile ndivyo zilivyokuwa, kwani Fredi Washington alikuwepo, Moore alikuwepo, na waliowafungia milango waliwaona vizuri kabisa. Sisi tunaoandika tukiwanyamazia tunaifunga milango ileile kwa mara ya pili. Tazama tena, halafu tazama tena.

Makala yangu mpya ilianza siku Annie alipompelekea Sarah Jane mabuti shuleni, na mtoto akajificha nyuma ya kitabu ili asijulikane ni wa nani. Mhariri yuleyule aliichapisha bila kubadilisha neno.